Orodha Ikinyamaza: Jioni Zangu za Kuhakiki Vimbunga vya Visiwani

Kwa wiki tatu nimeshinda na vimbunga kila jioni, nikiwa kibarazani kwangu Bwiru, mahali ambapo maji pekee ninayoyaona ni ya ziwa na ambapo hakuna kimbunga cha baharini kilichowahi kufika. Chanzo ni kijana niliyemfundisha jiografia kidato cha tatu, ambaye siku hizi ni mmoja wa wachangiaji wa Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuiandika na mtu yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Ameandaa rasimu ya orodha ya vimbunga vilivyopiga visiwa vya magharibi mwa Bahari ya Hindi, kuanzia Mafia na Unguja hadi Komoro, Mayotte, Réunion, Morisi na Shelisheli, na kabla ya kuiweka hadharani aliniletea akasema, "Mwalimu, naomba uihakiki kama vile hunijui." Nilimjibu kwamba ombi hilo ni zito kuliko anavyodhani. Kisha nikaichapa kwenye karatasi, nikachukua kalamu nyekundu kwa mazoea ya kazi, nikairudisha kwenye kikombe na kuchukua penseli.

Penseli ilikuwa na maana yake. Anayesahihisha mtihani ana majibu mfukoni, na mwanafunzi anajua hivyo; mhakiki wa kamusi elezo hana majibu, ana maswali tu, na mara nyingi mwandishi anaijua mada kuliko yeye. Kazi yake ni kusoma kila mstari, kufungua chanzo kilichotajwa, kuona kama chanzo kinasema kile ambacho mstari unasema, na kuandika shaka zake mahali ambapo mwandishi na watu wengine wote wanaweza kuziona na kuzijibu moja baada ya nyingine. Katika Wikipedia ya Kiingereza uhakiki wa namna hii una ukurasa wake na taratibu zake, na orodha zinazowania hadhi ya juu hupimwa kwa vigezo vilivyoandikwa vya lugha, utangulizi, ukamilifu, mpangilio, mtindo na uthabiti. Sisi wa Kiswahili ni wachache mno kuendesha mtambo wote huo, kwa hiyo uhakiki wetu hufanyika kwenye ukurasa wa majadiliano, pale anapopatikana mtu mwenye muda. Rasimu hii ilikuwa imeshapita kwa wasomaji wawili kabla yangu. Mmoja aliandika "Hongera sana, kazi nzuri", na mwingine alirekebisha herufi kubwa mbili. Siwalaumu, maana wote tunajitolea, lakini aliyepongezwa hivyo hajui ni kipi kilichosomwa na ni kipi kilichorukwa.

Jambo nililotaka kijana alielewe tangu mwanzo ni kwamba orodha ina masharti makali kuliko makala. Makala inaruhusiwa kunyamaza: ukiandika kuhusu Ukerewe bila kumtaja mtu fulani maarufu wa huko, msomaji atasema umemsahau, basi. Orodha haina ruhusa hiyo, kwa sababu kila orodha, hata isiposema, inadai kwamba vilivyomo ndivyo vyote vilivyopo. Ikinyamaza kuhusu mwaka fulani, msomaji anaondoka akiamini kwamba mwaka huo bahari ilitulia. Kwa hiyo nusu ya kazi ya mhakiki iko kwenye mistari aliyoletewa, na nusu nyingine, iliyo ngumu, iko kwenye mistari ambayo haikuandikwa.

Nilianza na hiyo ya pili. Jedwali lilianza mwaka 1960, bila maelezo yoyote. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ndipo kumbukumbu zinapoanzia, na kwa upande mmoja nilimwelewa, kwa kuwa anayekusanya vimbunga kutoka kwenye kanzidata hukutana kwanza na majina, na katika sehemu hii ya bahari majina yalianza kutolewa msimu wa 1959–60, Alix na Carol vikiwa miongoni mwa vya kwanza, vyote viwili vikaisumbua Morisi ndani ya miezi miwili. Mwaka huohuo wa 1960, tarehe 1 Aprili, ndipo Marekani iliporusha TIROS-1, setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa iliyofanikiwa. Mwaka 1960 basi ni mwaka ambao sisi tulianza kuona na kutaja. Vimbunga vyenyewe havikusubiri.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliingia Unguja, mahali ambapo watu waliamini havifiki kwa kuwa ni karibu mno na ikweta. Seyyid Barghash alikuwa hajatimiza miaka miwili kwenye kiti. Meli zilizotia nanga bandarini, zikiwemo zake, zilizama au zilitupwa ufukweni, na mikarafuu na minazi ya Unguja iling'olewa shamba baada ya shamba. Pemba, iliyo kaskazini kidogo tu, ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo uzito wa kilimo cha karafuu ukahamia huko. Kimbunga kimoja kilibadilisha ramani ya zao lililowatajirisha masultani, na hakikuwemo kwenye orodha ya vimbunga vya visiwa vyetu, iliyoandikwa kwa Kiswahili, na Mtanzania. Niliandika pembeni neno moja tu: "Unguja?" Halafu nikaongeza Morisi, tarehe 29 Aprili 1892, ambako watu wapatao 1,200 walikufa, wengi wao Port Louis.

Kijana alipendekeza njia rahisi, nayo ni kubadilisha kichwa kiwe "tangu 1960". Ni suluhisho halali, na orodha nyingi zimejificha humo, lakini nilimkatalia. Msomaji wa Kiswahili anayetafuta vimbunga vya visiwa vyake ana haki ya kukikuta cha 1872 bila kuambiwa kwamba kimezaliwa mapema mno. Nilichopendekeza ni jedwali la pili, fupi, la kabla ya 1960, lenye sentensi moja juu yake inayosema kwamba kumbukumbu za wakati huo zinatokana na bandari, meli na barua za mabalozi, kwa hiyo tunajua mengi kuhusu Unguja na Port Louis na karibu hatujui lolote kuhusu kisiwa kidogo kisichokuwa na gati wala balozi. Alikubali, na kwa hamasa akarudi siku mbili baadaye na mstari mpya: Lindi, Aprili 1952. Ni kimbunga cha kweli na kilipiga kweli. Ilibidi nimkumbushe kwamba Lindi si kisiwa.

Kutoka kwenye mistari isiyokuwepo nilihamia kwenye iliyokuwepo, na hapo Pemba ikatuletea kioja. Mstari wa kimbunga Kenneth, Aprili 2019, ulionyesha kisiwa kilichopigwa kuwa ni Pemba. Nilisoma mara mbili. Nakumbuka vizuri siku zile, watu wa Mtwara walivyotahadharishwa na shule zikafungwa, lakini Pemba ya Zanzibar sikuikumbuka kabisa. Nilifungua chanzo chake, na chanzo kilikuwa sahihi: kinasema kimbunga kiliingia nchi kavu kaskazini mwa Pemba tarehe 25 Aprili. Ila Pemba hiyo ni mji wa Msumbiji, makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado. Mwingereza asingefanya kosa hili kirahisi, maana kwake majina yote mawili ni mageni na angeangalia ramani. Mswahili akisikia Pemba hahitaji ramani, moyo wake umeshafika Chake Chake. Lililonifurahisha ni kwamba Kenneth kilistahili kuwemo orodhani hata hivyo, kwa sababu siku moja kabla ya kufika Msumbiji kilipita kaskazini tu ya Ngazidja na kuitenda vibaya Komoro. Kilikuwa kimepandishwa jahazi lisilo lake tu.

Tatizo lililotuchukua siku nyingi kuliko yote lilikuwa neno "vilivyopiga". Kimbunga kimepiga kisiwa kinapofanya nini? Kijana alikuwa ametumia kanuni aliyoiona ya haki, kwamba kitovu cha kimbunga kipite juu ya kisiwa, na kwa kanuni hiyo alikuwa amekiondoa Gamede kwenye mistari ya Réunion. Gamede cha Februari 2007 kitovu chake hakikuikanyaga Réunion, hilo ni kweli. Kilipita pembeni, baharini, kikajivuta taratibu. Lakini katika siku tatu tu, pale Cratère Commerson kwenye nyanda za juu za kisiwa hicho, ilinyesha mvua ya milimita 3,930, ambayo ni rekodi ya dunia kwa saa 72. Hapa Mwanza, mwaka mzima, vuli na masika pamoja, tunapata milimita elfu moja na kidogo. Mtu achukue mvua yetu ya miaka mitatu, aongezee nusu ya mwaka wa nne, kisha aimwage mlimani kati ya Jumamosi na Jumatatu, halafu aje aniambie kwamba kisiwa hicho hakikupigwa kwa sababu jicho lilikuwa mbali.

Réunion ina tabia hiyo kwa sababu ya milima yake, inayoinuka zaidi ya mita 3,000 kutoka baharini na kuikamua hewa yenye unyevu inaposukumwa kupanda juu. Rekodi ya dunia ya mvua ya saa 24, milimita 1,825, ni ya hukohuko, Foc-Foc, Januari 1966, wakati wa Denise. Mwaka 1980 Hyacinthe, ambacho kwa upepo hakikuwa cha kutisha sana, kilizunguka eneo hilo kikatoa zaidi ya milimita 6,000 katika siku 15. Orodha inayopima kimbunga kwa upepo na kitovu peke yake itaviandika vitatu hivi kwa maandishi madogo au isiviandike kabisa.

Ili kumwonyesha kwamba swali hili halikuanza na sisi, nilimpa mfano wa Bermuda, ng'ambo ya pili ya Afrika, katikati ya Atlantiki. Visiwa vyote vya Bermuda vina ukubwa wa kilomita za mraba 53 hivi, yaani kama sehemu ya kumi ya kisiwa cha Ukerewe. Shabaha ya ukubwa huo ikisubiri jicho la kimbunga lipite juu yake ndipo ihesabiwe imepigwa, itapona kwenye karatasi huku mapaa yakiruka. Tarehe 5 Septemba 2003 jicho la Fabian lilipita magharibi mwa Bermuda, lakini watu wanne walisombwa na bahari kwenye barabara ya tuta inayokwenda upande wa uwanja wa ndege. Nani atathubutu kuwaambia ndugu zao kwamba Fabian kilipita mbali?

Baada ya kubishana kwa simu hadi salio lake likaisha, tulikubaliana juu ya milango mitatu. Kimbunga kinaingia orodhani kitovu chake kikipita juu ya kisiwa, au upepo uliopimwa kisiwani ukifikia kilomita 63 kwa saa, au chanzo cha kuaminika kikieleza vifo, mafuriko au uharibifu kisiwani humo uliosababishwa nacho. Muhimu zaidi, jedwali limepata safu mpya inayoonyesha kila kimbunga kimeingia kwa mlango upi, ili msomaji asiyekubaliana na mlango wa tatu aweze kuuruka. Nadhani hii ndiyo faida kubwa kuliko zote iliyotokana na uhakiki huu, na ilitoka kwake, mimi nilichofanya ni kubisha tu.

Kabla kanuni hiyo haijaandikwa, mchangiaji mwingine, nisiyemjua, alikuwa ameshaongeza mstari wa kisiwa cha Ukerewe. Chanzo chake kilikuwa habari ya gazeti yenye neno "kimbunga" kwenye kichwa, iliyoeleza nyumba zilizoezuliwa mapaa. Kwa Kiswahili cha magazeti yetu hakuna kosa: upepo wowote unaoezua bati ni kimbunga, na Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno moja ambapo lugha nyingine hubadilisha jina la kitu kilekile kadiri kinavyohama bahari. Bahati hiyo ina gharama. Neno linalobeba Chido, kimbunga kilichoipiga Mayotte mwaka 2024, na upepo wa dakika ishirini wa Nansio, huko Ukerewe, linabeba mzigo ambao orodha haiwezi kuubeba.

Jumamosi moja nilipokwenda Mwaloni, pale Kirumba, kununua dagaa, nilimkuta mzee ambaye alivua kwa miaka mingi kabla mgongo haujamgomea, na nikamuuliza baada ya shikamoo kama ziwani kuna vimbunga. "Vipo, mwalimu," akasema akipepeta dagaa kwa mkono mmoja. "Ila cha huku hakina jina. Kinakuja alfajiri, kinazima karabai, kinapindua mtumbwi, kinaondoka. Kikikaa nusu saa, hicho kimekaa sana." Nilirudi nyumbani nikaandika maneno yake kwenye ukingo wa karatasi, kwa sababu yalitenganisha vitu viwili vizuri kuliko nilivyowahi kuvitenganisha darasani. Kimbunga cha baharini huishi siku, hata wiki, ndiyo maana kinapewa jina. Freddy cha 2023 kilidumu siku 36. Kinahitaji bahari pana yenye joto la nyuzi 26 na zaidi, na kinahitaji kuwa mbali na ikweta, kwa kawaida nyuzi tano au zaidi, ili mzunguko wa dunia uweze kuipinda hewa inayokimbilia katikati na kuifanya izunguke. Ziwa Victoria limelala kati ya nusu nyuzi kaskazini mwa ikweta na nyuzi tatu kusini yake, na kwa upana wake wote bado ni dimbwi kulinganisha na bahari. Dhoruba zake ni za aina nyingine, zinazozaliwa usiku hewa ya nchi kavu inapoteremka kutoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto, ndiyo maana wavuvi huzijua kama mambo ya alfajiri. Zinaua watu wengi, na zinastahili orodha yake. Mstari wa Ukerewe tuliuondoa kwa maelezo ya heshima, tukimwalika aliyeuweka aanzishe orodha hiyo ya ziwa. Hajajibu bado.

Kwenye takwimu nilipitia kwa ukali, maana huko ndiko makosa yanakovaa suti. Safu ya upepo ilikuwa imechanganya namba za kituo cha Réunion, ambacho ndicho chenye dhamana ya vimbunga vya eneo hili na hupima wastani wa upepo wa dakika kumi, na namba za Wamarekani, wanaotumia wastani wa dakika moja. Kimbunga kilekile kwa kipimo cha dakika moja huonekana kikali zaidi. Kuzipanga namba hizo kutoka kubwa hadi ndogo ni sawa na kuandika bei moja kwa shilingi za Tanzania na nyingine kwa shilingi za Kenya, kisha kusema sokoni nani anauza ghali. Juu ya hapo, Gervaise cha Februari 1975 kilikuwa kimepewa kilomita 280 kwa saa, na hiyo ilikuwa nguvu ya dhoruba ya ghafla, mpigo mmoja wa upepo uliopimwa Morisi, wala si wastani wa aina yoyote. Nilimwomba achague kipimo kimoja, dakika kumi, na mipigo ya ghafla aipe safu yake.

Safu ya vifo ilikuwa na makosa ya aina mbili. La kwanza ni la uzembe: mstari wa Freddy, kwenye kisiwa cha Morisi, ulionyesha vifo zaidi ya elfu moja. Freddy kweli kiliua watu zaidi ya elfu moja, lakini wengi mno kati yao walikuwa Malawi, nchi isiyo hata na pwani, ambako mabaki yake yalimwaga mvua mwezi Machi. Kilipopita karibu na Morisi tarehe 20 Februari mambo hayakufika huko. Alikuwa amechukua jumla ya kimbunga kizima akaibandika kwenye kisiwa kimoja. La pili halikuwa kosa lake. Chido kilipoipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024, kwa mipigo ya upepo iliyozidi kilomita 200 kwa saa, viongozi siku za mwanzo walisema wanahofia mamia ya vifo, pengine maelfu. Hesabu rasmi baadaye ikabaki kwenye makumi, karibu na arobaini. Mayotte ina vitongoji vya mabati vinavyokaliwa na watu wengi wasio na karatasi za ukaazi, watu ambao hawakimbilii kwa urahisi kwenye makazi ya serikali, na ni kisiwa cha Waislamu ambako maiti huzikwa mapema. Namba ya arobaini ni rasmi. Kama ni kamili, orodha haiwezi kuamua. Nilimshauri aandike namba rasmi na aweke tanbihi yenye sentensi mbili zinazoeleza hofu ya mwanzo na sababu za ugumu wa kuhesabu, kisha aache hapo, bila kusema "inaaminika kwamba".

Mengine yalikuwa madogo na nitayapita haraka. Msimu wa vimbunga huku unahesabiwa kuanzia 1 Julai hadi 30 Juni, kwa hiyo Hidaya na Chido, ingawa vyote ni vya 2024, ni vya misimu miwili tofauti, na jedwali lilikuwa limeviweka pamoja. Kisiwa kimoja kilikuwa kimeandikwa Mauritius juu na Morisi chini. Grande Comore nilimwomba aiandike Ngazidja, kama wenyewe wanavyoiita. Utangulizi ulianza kwa sentensi "Vimbunga ni janga baya sana duniani," ambayo nilichora mstari katikati bila maelezo. Na Bukini je? Madagaska ni kisiwa, tena kikubwa kuliko visiwa vingine vyote vya orodha vikijumlishwa mara nyingi, na hupigwa takriban kila msimu. Alikuwa ameiacha bila kusema, nami nilimwelewa kwa nini, kwani ingeimeza orodha nzima. Ila kuacha bila kusema ndiko hasa ninakopigana nako. Sasa utangulizi unasema wazi kwamba Madagaska ina orodha yake.

Kati ya maoni yangu yote alilikataa moja, lile la Hidaya. Kimbunga hicho kilifikia daraja la kimbunga kamili kikiwa baharini, yaani zaidi ya kilomita 118 kwa saa, lakini kilikuwa kinafifia kilipofika Mafia, na tarehe 4 Mei 2024 kikapotea eneo hilohilo. Nilipendekeza kitolewe, au kishushwe kiwe "mabaki". Alinijibu kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa adabu lakini bila kulegea, kwamba mjomba wake anaishi Kilindoni na siku ile bati tatu za jiko lake zilikwenda. Nilimwandikia kwamba mjomba namwamini, ila kamusi elezo haiwezi kumnukuu mjomba. Inahitaji kitu kilichochapishwa, ambacho msomaji wa Bukoba au Mombasa anaweza kukifungua na kukisoma mwenyewe. Ilimkera, niliona kwa jinsi alivyokaa kimya siku nne. Siku ya tano alirudi na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na habari ya gazeti iliyoeleza madhara kisiwani, akauweka mstari kwenye mlango wa tatu, na kwenye safu ya nguvu akaandika namba mbili, ya kilele baharini na ya kilipofika kisiwani.

Nikafuta pendekezo langu. Mstari wa Hidaya una vyanzo viwili sasa, na mjomba wa Kilindoni hayumo.